Kwa Nini Mbingu ya Video Yako Inakatika Vipande

Wateja wangu hawazungumzi lugha ya kompyuta, na hawana sababu ya kuizungumza. Mmoja atasema ukuta wa ukumbi umeota ramani. Mwingine atasema mbingu imepigwa rula. Mama mmoja wa Tabata, niliyemtengenezea video ya harusi ya binti yake, alinipigia simu jioni akiwa ameshaiweka kwenye TV ya sebuleni na wageni wamejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hapa Forodhani jua linapozama, mbona juu ya kichwa cha bwana harusi kuna mapande mapande? Siku ile mbingu ilikuwa safi. Mimi nilikuwepo."

Mbingu ilikuwa safi kweli. Kilichokatika ni rangi. Sisi tunaoshinda kwenye kompyuta tukihariri video tunaliita tatizo hili bendingi: rangi inayotakiwa kubadilika taratibu, kutoka chungwa la upeo wa bahari hadi bluu ya juu, inabadilika kwa mikupuo, na kila mkupuo unaacha mpaka unaoonekana kwa macho. Utaikuta mbinguni, kwenye kuta za rangi moja, kwenye vitambaa vya ukumbi vilivyomulikwa taa, kwenye moshi, chini ya maji na kwenye giza. Popote picha ilipo laini na tupu, hapo ndipo nyumbani kwake.

Vijana wengi wakiiona hukimbilia kutafuta programu ya kuifuta. Mimi huwaambia wasubiri. Bendingi huzaliwa mahali fulani katika safari ya picha kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kioo cha TV, na dawa ya mahali pamoja haifanyi kazi mahali pengine. Ukijua imezaliwa wapi, nusu ya kazi imekwisha.

Hesabu ya mbingu moja

Kamera ya dijitali haihifadhi rangi, inahifadhi namba. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Video ya biti 8, ambayo ndiyo imeenea kwenye simu, kamera nyingi na sehemu kubwa ya intaneti, ina ngazi 256 kwa kila moja ya rangi hizo. Ukizizidisha unapata rangi zaidi ya milioni 16, na ndiyo namba wanayopenda kuitaja wauzaji. Lakini mbingu ya jioni haigusi rangi milioni 16. Inatumia kipande kidogo tu cha ngazi zile 256, tena si zote zilizopo: kwa kanuni ya televisheni, nyeusi huwekwa kwenye namba 16 na nyeupe kwenye 235, kwa hiyo kati ya giza totoro na mwanga kamili kuna hatua 219.

Turudi kwenye klipu ya Forodhani. Nilipoiangalia kwa wevufomu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha kwa asilimia, mbingu ilianzia asilimia 60 karibu na bahari na kuishia asilimia 48 juu kabisa. Tofauti ni asilimia 12. Asilimia 12 ya hatua 219 ni hatua 26. Klipu yenyewe ni ya 4K, ina mistari 2,160 kutoka juu hadi chini, na mbingu ilichukua nusu yake, mistari 1,080. Gawanya 1,080 kwa 26: kila ngazi inatanda kwenye mistari kama 41 kabla rangi haijaruka kwenda ngazi nyingine. Kwenye TV ya inchi 55, mistari 41 ni zaidi ya sentimita moja. Mapande ya upana huo yakikolezwa kidogo, kwa nini mama asiyaone?

Klipu hiyo hiyo ingerekodiwa kwa biti 10, hesabu ingekuwa nyingine. Biti 10 ina ngazi 1,024, na kati ya nyeusi na nyeupe ya televisheni kuna hatua 876. Asilimia 12 yake ni hatua 105. Kila ngazi ingekaa kwenye mistari kama kumi tu, na tofauti kati ya ngazi na ngazi ingekuwa robo ya ile ya kwanza. Hapo jicho hushindwa kuushika mpaka.

Na jicho lenyewe lina hila yake. Mwaka 1865 mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach, alieleza kwamba pale eneo jeusi kidogo linapokutana na eneo jeupe kidogo, jicho huukoleza mpaka: upande mweusi unaonekana mweusi zaidi na upande mweupe unaonekana mweupe zaidi kuliko ulivyo. Kwa maisha ya kawaida ni msaada mkubwa, maana hutuwezesha kutambua kingo za vitu. Kwa mbingu ya video ni balaa, kwa sababu tofauti ya ngazi moja tu kati ya 219 inakuzwa ikawa mstari.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Kamera zenye chenga, zile punje punje zinazocheza kwenye picha ya usiku, hazisumbuliwi sana na bendingi. Chenga huvuruga mpaka kati ya ngazi na ngazi, kwa hiyo jicho halipati mstari wa kuufuata. Kamera safi mno, na hasa simu zinazosafisha picha zenyewe kabla ya kuihifadhi, huacha mbingu tupu isiyo na punje hata moja, na mipaka inabaki uchi. Kumbuka hilo, maana ndiko inakotoka dawa nitakayoieleza huko mbele.

Je, ni bendingi kweli?

Kabla ya kutibu, hakikisha unachokiona. Watu hutumia neno michirizi kwa bendingi na kwa matatizo mengine matatu.

La kwanza ni michirizi ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi kwa shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/60, picha inakuwa na mikanda ya giza inayopanda au kushuka fremu nzima, hata juu ya nyuso za watu. Hiyo haina uhusiano na biti. Weka shata 1/50 au 1/100 itatulia. Taa za LED za jukwaani ni kaidi zaidi, kwa sababu kila moja hupepesa kwa kasi yake. Kama kamera yako inaruhusu kubadili shata kidogo kidogo, zungusha huku ukiangalia kioo mpaka mikanda ipotee.

La pili ni vibokisi. Picha imebanwa mno, na giza limegeuka miraba midogo inayotembeatembea. Huo ni ubanaji, na ni ndugu wa bendingi, mara nyingi huja pamoja nayo. Nitaufikia.

La tatu ni mawimbi ya rangi juu ya suti ya mistari myembamba au kitambaa chenye nyuzi za karibu karibu. Hapo pikseli za kamera zinagombana na nyuzi za nguo. Badilisha umbali au lenzi.

Bendingi yenyewe ina tabia yake. Inakaa kwenye sehemu laini tu, inafuata umbo la mwanga, na haigusi nywele, majani wala lesi ya gauni. Jua likiwa katikati ya fremu, mipaka inalizunguka kwa miduara. Ukuta ukimulikwa na taa moja, inajipanga kwa matao kutoka kwenye taa.

Kutafuta ilipozaliwa

Ukishathibitisha, rudi nyuma hatua kwa hatua, kuanzia kwenye kioo.

Kioo ndicho mshukiwa wa kwanza, na mara nyingi ndiye mkosaji. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kioo cha biti 6, yaani ngazi 64 kwa kila rangi, na zilizobaki kinazibuni kwa kupepesa pikseli haraka haraka. Kioo cha namna hiyo kinaweza kukuonyesha mipaka ambayo kwenye faili haimo. Kipimo chake ni rahisi: fungua fremu hiyo kwenye simu nzuri na kwenye kioo kingine. Kama mapande yapo kote, tena mahali pale pale, yamo kwenye faili. Kama yapo kwenye laptopu peke yake, funga mjadala. Angalia pia kama umewasha ule mwanga wa njano wa usiku wa kompyuta, maana nao hubadilisha rangi. TV za nyumbani mara nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye mtindo wa picha kali, unaokaza rangi ili zivutie wateja, na ukali huo hukuza kila mkato. Mama wa Tabata nilimwomba abadilishe TV kwenda mtindo wa sinema. Mapande yakapungua, lakini hayakuisha. Kwa hiyo yalikuwemo kwenye faili.

Kinachofuata ni klipu asilia, kabla haijaguswa. Itoe kwenye kadi au kwenye diski, ifungue peke yake, simamisha fremu, vuta karibu. Kama mapande yamo humo, yamezaliwa kwenye kamera. Kama hayamo, iweke kwenye taimlaini, pale unapopangia klipu ndani ya programu ya kuhariri, bila rangi wala madoido yoyote. Ikiwa bado safi, washa marekebisho moja baada ya jingine, ukitazama mbingu kila mara. Kuna moja litakaloileta bendingi, na utaliona likiileta. Ikiwa taimlaini ni safi hadi mwisho lakini video uliyoitoa kwenye programu ina mapande, basi yamezaliwa kwenye kutoa.

Skopu, yaani grafu za picha kama ile wevufomu, husaidia mahali ambapo macho yamechoka. Kwenye wevufomu, mbingu nzima inapaswa kuonekana kama wingu moja laini. Ikikatika utaona nyuzi nyembamba za mlalo zenye nafasi tupu katikati. Kwenye histogramu utaona mapengo: ngazi hii ina pikseli, inayofuata haina hata moja, ya tatu inazo. Mapengo hayo maana yake ni moja tu, kwamba mtu ameinyoosha picha kuliko namba zilizomo.

Kosa la kamera

Mtindo wa kurekodi wa logi umeingia kwenye harusi zetu kwa kishindo. Picha inatoka kamerani ikiwa imepauka, na mhariri anaipaka rangi baadaye. Ni mtindo mzuri, kwa sababu unabana mwanga mwingi sana, kutoka kivulini hadi kwenye jua kali, ndani ya faili moja. Lakini kubana huko kuna gharama yake. Chukua S-Log3, moja ya mitindo hiyo ya logi. Kwenye kipimo cha biti 10, kijivu cha kati kinakaa namba 420 na kitu cheupe kinachoakisi asilimia 90 ya mwanga kinakaa 598. Ukiishusha kwa biti 8, kati ya kijivu na nyeupe zinabaki ngazi 44 hivi. Kwa mtindo wa kawaida wa televisheni, eneo hilo hilo lina ngazi kama 118. Ngozi, gauni, mbingu, vyote vinakaa humo. Kisha mhariri anazivuta ngazi 44 zijaze nafasi ya 118, na rangi isikatike? Donge la chapati moja halisukumwi likatosha sinia la pilau.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kama kamera inarekodi biti 8 tu, achana na logi. Tumia mtindo wa kawaida wenye rangi tulivu, pima mwanga vizuri, na uikaribie pale pale kamerani sura unayotaka ya mwisho. Logi iache kwa biti 10, ambayo sasa si anasa tena. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 ilikuwa inaiweka ndani ya kadi yake yenyewe. Sony A7S III ikafuata 2020. Na mwaka huo huo iPhone 12 ikaanza kurekodi HDR, video ya mwanga mpana zaidi, ya biti 10. Tatizo ninalolikuta ni kwamba kamera inayo, ila menyu imeachwa kwenye biti 8 ili kadi isijae haraka. Nimeletewa harusi nzima ya namna hiyo. Aliyepiga anajua kamera yake ina biti 10, lakini hakuwahi kufungua ukurasa huo wa menyu.

Taa za ukumbini zina kesi yake. Siku hizi kila ukumbi una taa za LED zinazomulika vitambaa kwa bluu au zambarau, na hapo ndipo bendingi hupenda kukaa kuliko hata mbinguni. Sababu yake ni hii. Kodeki za video, yaani kanuni za kubana picha ndani ya faili, hutenganisha picha katika mwanga na rangi. Mwanga huhifadhiwa wote, lakini rangi kwa kawaida huhifadhiwa kwa robo tu ya pikseli, kwa kuwa jicho halioni rangi kwa undani. Sasa katika kanuni ya HD, bluu inachangia asilimia 7 tu ya mwanga wa picha. Kijani ndiyo inayobeba zaidi ya asilimia 70. Ukuta wenye bluu tupu, kwa hiyo, hauna karibu chochote upande wa mwanga. Habari yake yote iko upande wa rangi, ule uliopunguzwa. Mwambie mwenye taa achanganye nyeupe kidogo kwenye bluu yake. Hatapoteza sherehe, na wewe utapata ngazi za kufanyia kazi.

Kosa la meza ya kuhariri

Bwana harusi wa Forodhani alitaka rangi kali. Klipu ya biti 8 yenye hatua 26 mbinguni ikakazwa mpaka mbingu ikatanda asilimia 25 za mwanga badala ya 12. Ngazi hazikuongezeka. Zile zile 26 zikatawanywa kwenye nafasi ya hatua 55, kila mruko ukawa mara mbili ya ulivyokuwa. Kwenye klipu asilia mapande yalikuwepo kwa mbali sana, mpaka uyatafute. Baada ya rangi kali, mama aliyaona akiwa kwenye kochi.

Nilipoifungua tena, kazi ya kwanza ilikuwa kuitenga mbingu kwa maski na kuiondolea ule ukali. Maharusi walibaki na rangi yao, gauni likabaki linang'aa, mbingu ikarudi kuwa ya upole. Hakuna mtu aliyelalamika kuwa mbingu imepungua nguvu, kwa sababu macho yako kwa bibi harusi. Sehemu kubwa ya bendingi ninayoletewa inaisha hapo hapo: punguza mkono kwenye sehemu laini.

Baada ya hapo kagua programu yenyewe inafanya hesabu kwa kina gani. DaVinci Resolve hukokotoa ndani kwa biti 32, kwa hiyo humo huna cha kurekebisha. Kwenye Adobe Premiere Pro angalia orodha ya madoido: yale yenye alama ndogo ya namba 32 yanatunza kina, na lisilo na alama hiyo linaweza kuishusha picha nzima hadi biti 8 katikati ya safari. Kisha kwenye mipangilio ya kutoa, weka tiki kwenye kisanduku cha kurenda kwa kina cha juu kabisa. Kwenye After Effects mradi mpya kwa kawaida huanza na biti 8. Chini ya paneli ya mradi kuna namba hiyo, ibadilishe iwe 16. Hili linawagusa zaidi wanaotengeneza majina ya maharusi juu ya usuli unaotoka dhahabu kwenda nyeusi. Usuli huo umezaliwa kwenye kompyuta, haukupita kwenye kamera yoyote, na bado unakatika kwa sababu mradi uko kwenye biti 8.

Na tuzike uvumi mmoja. Kubadilisha klipu ya biti 8 kuwa ProRes, kodeki ya kuhariria, hakuiongezei ngazi. ProRes 422 ni ya biti 10 kweli, lakini utakachopata ni ngazi zile zile za zamani ndani ya chombo kikubwa. Faida yake inakuja baadaye: rangi utakazopaka juu yake hazitakatwa tena utakapoihifadhi.

Dawa ni chenga

Umepunguza ukali, umekagua kina cha hesabu, na bado mapande yapo. Hapo mtu hushawishika kutia ukungu mbinguni. Katika mradi wa biti 8 ni kazi bure, kwa sababu kati ya 140 na 141 hakuna namba nyingine ambayo ukungu unaweza kuiandika. Katika mradi wa biti 32 ukungu hutengeneza namba za katikati, 140.2, 140.5, 140.8, lakini siku ya kutoa video ya biti 8 zote zinakatwa tena kuwa 140 au 141, na mpaka unarudi.

Dawa ni kurudisha zile chenga ambazo kamera ilizisafisha. Tuseme rangi halisi mahali fulani ni 140.3. Bila chenga, pikseli zote za hapo zitaandikwa 140. Ukitia chenga kidogo kabla ya kukata, karibu pikseli saba kati ya kumi zitaandikwa 140 na tatu zitaandikwa 141, zimetawanyika ovyo. Jicho likiwa mbali linazijumlisha na kuona 140.3. Hakuna mpaka wa kuufuata. Wazo hilo si geni. Lawrence Roberts, ambaye baadaye alikuwa kinara wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, aliliandikia tasnifu yake pale MIT mwaka 1961: picha yenye biti chache inaonekana laini zaidi ukiitia kelele ya kubahatisha kabla ya kuikata.

Namna ya kuitia nayo ina adabu zake. Weka chenga mwisho kabisa, baada ya rangi zote, si kabla, la sivyo kila unachokikaza kitazikaza nazo. Hakikisha zinabadilika kila fremu. Chenga zilizoganda husomeka kuwa ni uchafu wa lenzi. Anza na kiasi kidogo ambacho unakiona ukivuta karibu lakini hukioni ukirudi nyuma ya kiti, kisha panda taratibu mpaka mapande yapotee, na usimame hapo. Klipu ya Forodhani ilihitaji chenga mbinguni tu, kwa maski ile ile niliyokuwa nayo, na kingo za maski nikazilainisha ili pasionekane mahali chenga zinapoanzia.

Yapo pia madoido yanayotafuta mipaka yenyewe na kuilainisha. Resolve ya kulipia inalo, na FFmpeg, ambayo ni ya bure, ina vichujio viwili vya kazi hiyo, gradfun na deband. Vinafanya kazi vizuri kwenye klipu ambayo tayari imeharibika na huna asilia yake. Lakini vikizidishwa hula pia mawingu membamba na vinyweleo vya ngozi. Mimi huvitumia baada ya chenga kushindwa.

Safari ya mwisho

Sasa toa video, ndipo adui wa mwisho ajitokeze. H.264, kodeki iliyotoka mwaka 2003 na inayochezwa na karibu kila kifaa, hubana picha kwa kutupa kwanza tofauti ndogo ndogo. Na chenga zako ni tofauti ndogo ndogo. Ukiibana mno inazifagia zote, mbingu inarudi tupu, mapande yanarudi na vibokisi vyake. Kwa hiyo video yenye chenga inahitaji kasi kubwa ya biti. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080p ya fremu 24 hadi 30, na 35 hadi 45 kwa 4K. Mimi huzichukulia namba hizo kuwa ni sakafu. YouTube itaibana upya kwa vyovyote vile, basi ipelekee faili nono. Wengi wetu huipandisha hata video ya 1080p iwe 4K kabla ya kuipakia, kwa sababu video ya 4K hupewa kasi kubwa zaidi upande wa watazamaji. Ukitumia programu ya HandBrake, chagua kodeki ya H.265 ya biti 10 kama TV ya mteja inaicheza. TV nyingi za 4K huicheza, lakini jaribu kwa klipu fupi kwenye flashi kabla ya kukabidhi kazi.

Hata wenye fedha hawajaokoka. Aprili 2019, kipindi cha "The Long Night" cha tamthilia ya Game of Thrones kilipigwa karibu chote gizani. Watazamaji walilalamika kwamba hawaoni kitu, na penye giza na ukungu walikuwa wanaona vibokisi na mapande. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alitetea kazi yake na kuelekeza kidole kwenye ubanaji wa picha na namna watu walivyoweka TV zao nyumbani. Netflix nao walitangaza mwaka 2021 kipimo chao cha kompyuta cha kupima bendingi, CAMBI. Kampuni ya ukubwa huo haijengi kipimo cha tatizo dogo.

Video ya mama wa Tabata niliitoa upya, nikaiweka kwenye flashi na kumpa kijana wa bodaboda ampelekee. Sikuituma WhatsApp, ambako ingebanwa tena na kazi yote kupotea njiani.

Basi kama wewe ni mteja, dai video yako kwenye flashi au diski, na ukiona mapande mbinguni mwambie mhariri wako bila aibu; jicho lako halijakosea. Kama wewe ndiye mwenye kamera, kabla ya harusi ijayo fungua menyu na usome imeandikwa biti ngapi. Mhariri anaweza kuyaficha mapande ya rangi, lakini ngazi ambayo kamera haikuiandika hakuna programu itakayoirudisha.